Nando's ya kujiiba: nusu kuku na neno "cheeky"

Naanza na bili, asije mtu akasema nimemzungusha. Nusu kuku, wali wa viungo, hindi la kuchoma na soda ya kujimiminia: zaidi ya pauni 15. Kwa hela hiyo, kwetu Likoni ningepika tukala nyumba nzima, na jirani akapelekewa bakuli lililofunikwa kawa. Lakini hapa ni Leicester, saa tatu za usiku, nimetoka zamu ya saa 12 wodini, miguu imevimba, na ndani ya jokofu langu mna yai moja na nusu kitunguu. Nando's, mgahawa wa kuku wa kuchoma, nawapa nyota nne kwa tano. Ile ya tano ina mwenyewe, nitamtaja mbele.

Sikwenda kwa njaa peke yake. Nilifuata neno. Mwenzangu wa zamu, kijana mzaliwa wa hapahapa, alichungulia chumba cha chai akaniuliza kama nitafuatana nao kwa "cheeky Nando's". Nando's nilikuwa naipita kila siku nikienda kupanda basi. Nijuavyo mie, kuku huwa wa kienyeji, wa kizungu, wa kukaanga, wa kupaka. Huyu wa "cheeky" ndiye yupi? Nikadhani ni pishi. Tulipofika kaunta nikamwambia binti wa watu, kwa sauti ya mtu anayejua analolitaka: nipe nusu kuku, ile ya "cheeky". Wenzangu wakashika mbavu. Binti hakucheka. Akaniambia kuku wao wote wana adabu zao, wenye tabia hiyo ni wateja. Nyota ya kwanza aliipata hapo, kabla sijaonja kitu.

Sasa niwaeleze kwa nini neno lenyewe lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Mie ni muuguzi. Nilikuja Uingereza baada ya ule mkataba wa 2021 baina ya nchi hii na Kenya, nikapangiwa wodi ya wazee. Kitanda cha dirishani alikuwapo bibi mmoja, miaka tisini na kitu, mwembamba kama uzi, ulimi mkali kama wembe. Kila asubuhi tulikuwa na vita vya vidonge. Siku moja akasema hamezi kitu mpaka aletewe chai ya sukari tatu. Nami, kwa mazoea ya nyumbani, nikamwambia: sukari tatu kwa umri huu, bi mkubwa, unataka kuolewa tena? Kwetu hayo si maneno mabaya. Bibi na mjukuu wana utani wao. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumgombeza kwa nini hakuleta matumizi, na mjukuu wa kike akawa mke mwenziwe. Yule bibi akacheka mpaka mto ukaanguka, kisha akaninyooshea kidole akasema: "You cheeky monkey."

Damu ikanisimama. Lile la pili nalijua. Nyani. Mtu mweusi akiitwa nyani mahali hapa hahitaji kamusi. Ndizi zimerushwa viwanjani, tumeona kwa macho. La kwanza sikulijua sawasawa, basi nikiwa ndani ya basi nikaliuliza programu moja ya kutafsiri kwenye simu, jina silitaji. Ikanijibu bila haya: fidhuli. Nikagusa tena, ikaongeza: safihi. Kwa hiyo nimeambiwa, kwa Kiswahili fasaha, mie ni nyani fidhuli. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu ili nitembee hasira zishuke. Hazikushuka. Usiku huo niliandika barua nzima kwa msimamizi wa wodi, kurasa mbili, na wallahi ilikuwa barua nzuri, ina "aidha" na "zaidi ya hayo".

Kabla sijaipeleka nikamwonyesha yule kijana wa zamu. Alisoma mara mbili, akawa mwekundu. Akaniambia maneno hayo mawili Waingereza huwaambia watoto wadogo wanaojibu-jibu, na kwamba bibi yule Jumapili alimwita hivyohivyo kitukuu chake chenye nywele za rangi ya karoti, mbele ya watu, akakipa na peremende. Nikasema haya, nimesikia. Lakini nikamwambia pia kwamba neno halisafiri peke yake. Linaposhuka kwenye sikio langu linakuta mengine yameshakaa ndani, na hayo hayaondoki kwa sababu mwenye kusema hakukusudia. Alielewa. Kesho yake nikamwendea bibi nikamwambia: hilo la kwanza nalipokea, la pili uliweke. Akanyamaza muda. Nikajua nimeharibu. Kisha akasema, basi nitakuita "cheeky madam". Na akameza vidonge bila chai. Barua bado iko kabatini.

Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyeokota funguo asijue mlango wake. Kila ninapokwenda najaribu: huyu naye ni "cheeky"? Na meza ya Nando's ndipo nilipopata darasa kamili, maana tulikuwa wanne, wawili wenyeji, na kila mmoja alikuwa na mfano wake.

Mtoto anaomba gilasi ya maji ya bure, halafu anakwenda kwenye mashine kujimiminia soda: "cheeky". Walinionyesha kwa kidole, meza ya tatu kutoka kwetu, na mama yake mtoto akijifanya anasoma menyu. Mtu mzima akija na chupa ya lita mbili kutoka nyumbani ajaze: huyo ni mwizi, neno halimfai. Jirani akiomba ngazi, kesho akaomba na rangi, kesho kutwa akaomba umsaidie kupaka: hapo wanasema neno hilohilo lakini meno yamebanwa, halina tena mchezo. Na mtu akitaka kuomba kisichoombeka, hutanguliza: samahani, nitakuwa "cheeky" kidogo, hivi unaweza kunichukulia zamu yangu ya Krismasi? Yaani anaomba msamaha kabla ya kosa, halafu kosa analitenda. Hili sisi tunalo. Mombasa tunasema kujitia hamnazo; rafiki yangu wa Dar husema "ngoja nijitoe ufahamu". Unajua fika hustahili, unauliza vilevile, uso mkavu.

Na hebu angalieni, wao na sisi tumeuweka utovu wa haya mahali pamoja, usoni. Sisi tuna uso mkavu na macho makavu; wao "cheek" ni shavu tu. Shavu lao limekuwa na maana ya ujuvi tangu karne ya 19. Nilipomsimulia yule rafiki wa Dar kwa simu, aliangua kicheko, kwa sababu kwao mtu akisema "nimekula shavu" maana yake amepata dili, kazi, bahati ya ghafla. Basi Dar shavu linaliwa, London shavu linatolewa.

Kwa mtoto, Kiswahili kina maneno tele: mtundu, mtukutu, mchokozi, mjuvi. Mchokozi ndiye anayekaribia zaidi, lakini mchokozi wetu anaweza kuishia kupigwa. Fidhuli halimo kabisa. Fidhuli hakuchekeshi, fidhuli anakuondolea hamu ya kula. Kinachokosekana katika maneno yote hayo ni kile kicheko cha anayeambiwa. Mtu "cheeky" amevuka mpaka, lakini amevuka akiwa amebeba sahani ya mahamri, huwezi kumfukuza. Kwetu ruhusa hiyo haimo katika neno, imo katika ujamaa: ni utani. Mchaga na Mpare wakikutana hata msibani wanaweza kuambiana mambo ambayo wewe na mie tukiambiana tutakwenda polisi. Mwingereza hana mtani wa kurithi. Kila siku inambidi apime upya nani anamruhusu, ndiyo maana neno analitumia sana, kama mtu anayebisha hodi.

Sasa "cheeky Nando's" yenyewe. Hapa kuku hana kosa na mgahawa hauna kosa. Kinachoitwa "cheeky" ni kitendo cha kwenda. Ulikuwa urudi nyumbani, ulishasema mwezi huu hutakula nje, mwenzio amepika, lakini ghafla, mkiwa mmesimama kituoni, mnaangaliana. Mwaka 2015 Wamarekani waliwauliza Waingereza kwenye mtandao maana ya maneno hayo mawili, na Waingereza wakajibu kwa maelezo ya makusudi yasiyoeleweka, kila jibu likizidi kuwachanganya, jambo ambalo nalo lilikuwa "cheeky" tupu. Mie nimelitafutia Kiswahili chake wiki tatu, nikalipata nikiwa naosha vyombo: kujiiba. Twende tukajiibe Nando's. Mtu anapojiiba kazini au kwenye mkutano hakuiba mali ya mtu, ameiba nafsi yake na dakika arubaini. Programu ile ya simu ingenipa hilo, ningeokoa kurasa mbili za barua.

Nije kwenye chakula, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Unapofika unasubiri mlangoni, unaonyeshwa meza yenye nambari, kisha unakwenda mwenyewe kaunta kuagiza na kulipa kabla ya kula. Kwa mgeni inachanganya: kukaa umekalishwa kama bi harusi, kuagiza unajiendea kama kibandani. Unapewa jogoo wa mbao kwenye kijiti, mwenye nambari, unamsimamisha mezani ili wakujue. Uma, kisu na mchuzi unajichukulia. Mie napenda utaratibu huo, hakuna wa kukusimamia kichwani na kalamu.

Kuku wenyewe wanapasuliwa na kulazwa bapa, wanalowekwa katika viungo saa 24 kwa maelezo yao, halafu moto. Ngozi inakuja na mistari myeusi ya chuma na harufu ya ndimu na kitunguu saumu. Paja ndilo la kula. Likivunjwa linatoa maji yake, nyama inaachia mfupa bila ugomvi. Wali wa viungo una rangi ya kupendeza na kazi yake ni kubeba mchuzi. Hindi limeungua pale linapotakiwa kuungua. Njegere zao za kupondwa na mnanaa sikuzitarajia, nikaongeza sahani.

Pilipili unachagua kwa ngazi, kutoka ile ya limau na majani isiyowasha hata mtoto mchanga, ikipanda kati, kali, hadi kali kupindukia. Nilichukua kali kupindukia na juu yake nikamwaga ya chupa. Bwana wa meza ya jirani, mtu mzima wa miwani, akainama kuniasa kwamba hiyo si ya mchezo, dada. Nikamshukuru. Moyoni nikasema: pilipili usoila yakuwashiani? Nikamtafsiria mwenzangu methali hiyo kwa kunong'ona, neno kwa neno, pilipili ambayo huili wewe inakuwasha nini. Kijana akagonga meza. Akasema kwa Kiingereza hakuna njia nzuri zaidi ya kuwa "cheeky" kuliko hiyo, na kwamba wamepoteza karne nzima bila kuwa nayo.

Kuna pia sahani ya mabawa kumi ambayo hujui lipi kali lipi pole, yamechanganywa makusudi. Watu wazima wanne, wawili wao wameapa kuokoa maisha ya watu, wanaangalia mabawa kama watoto wanaocheza bao. Mfilipino wetu alipata makali matatu mfululizo na hakusema neno, machozi yakimtiririka kwa heshima.

Lakini kilichonifanya nirudi mara ya pili ni jina lililoandikwa kila chupa: peri-peri. Liseme taratibu, r uirudishe kuwa l. Ni pilipili. Ndilo neno letu la pwani, lililoshuka Msumbiji, likapita midomoni mwa watu wa huko na ya Wareno, likageuka ulimi. Mmea wenyewe si wetu wa asili. Ulitoka bara la Amerika na Wareno ndio walioueneza karne ya 16. Sisi tulikuwa tayari na pilipili manga, basi huyu mgeni tukampa jina la mwenyeji. Na ile ndogo nyekundu wanayojivunia, wanayoiita jicho la ndege, ni ile ambayo Watanzania wanaiita pilipili kichaa. Wareno walituachia meza, bendera, leso na gereza, na pale Mombasa Ngome ya Yesu waliyoianza 1593. Wakaondoka na pilipili kinywani. Sasa nailipia pauni. Hapo ndipo ilipokwenda nyota ya tano: niliizuia, iko kwa kuku wa kupaka wa mamangu, aliyechomwa kwa makaa ya kifuu, akaogeshwa tui zito. Hata Zambezia huko Msumbiji wanapika kuku kwa nazi kwa jinsi hiyo, kwa hiyo nazi ilikuwa jirani kabisa na pilipili hii. Ni safari tu haikubebwa.

Kampuni yenyewe ilianzia Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, mwaka 1987, katika duka la kuku lililoitwa Chickenland. Fernando Duarte, Mreno wa Msumbiji, alimpeleka rafiki yake Robert Brozin kula, wakalinunua duka. Uingereza waliingia 1992, Ealing, London. Jogoo wa nembo ni wa Barcelos, Ureno: hadithi yasema msafiri alihukumiwa kunyongwa bila kosa, akaelekeza kidole kwenye jogoo aliyechomwa mezani kwa hakimu, akasema huyu atawika kuthibitisha, na akawika. Kama mnatafuta kuku wa "cheeky" nilivyomtafuta mie kaunta, ndiye huyo. Ameshachomwa, yuko kwenye sahani, bado anamjibu hakimu.

Na Afrika Kusini neno hili lina upande mwingine ambao meza yetu haikuugusa, niliusikia kwa daktari mmoja wa Durban tuliyekuwa zamu moja. Wakati wa ubaguzi wa rangi, "cheeky" ndivyo alivyoitwa Mweusi aliyemtazama bosi machoni, aliyeuliza mshahara wake, aliyejibu kwa hoja. Hapo hakuna kicheko. Mwenye mamlaka akilisema, ni onyo. Linalofuata ni kofi au kufukuzwa. Nikaikumbuka programu yangu ya simu na lile "fidhuli" lake. Haikukosea kabisa. Ilikuwa imelitafsiri neno la nchi nyingine.

Ndiyo maana matangazo ya Nando's ya Afrika Kusini yanapendeza zaidi ukilijua hilo. Mwaka 2011 walitoa moja lenye mtu aliyefanana na Robert Mugabe, ameandaa meza ya Krismasi peke yake, anawakumbuka marafiki waliokwisha kuondoka: anarushiana maji na Gaddafi kwa bastola za kuchezea, anachora malaika mchangani na Saddam, anamsukuma kwenye bembea P. W. Botha, yule kiongozi wa enzi za ubaguzi, anasimama juu ya kifaru cha vita na Idi Amin mikono wameitandaza kama wapenzi melini. Mugabe halisi alikuwa hai na yuko ikulu. Vitisho vikaanza Zimbabwe dhidi ya wafanyakazi wa migahawa ya huko, tangazo likaondolewa. Mwaka uliofuata wakatoa la kuwasuta wanaochukia wageni, watu wanatoweka mmoja mmoja kwa moshi mpaka anabaki mzee wa Kikhoisan, wenyeji wa asili wa kule, naye anasema haendi popote, nyinyi ndio mlionikuta. Vituo vikubwa vya televisheni vikakataa kulirusha.

Lile la kifaru nilimwonyesha mzee wangu wa duka. Barabara ya Belgrave hapa Leicester, kule wanakowasha taa za Diwali, kuna duka ninaponunua ndimu, pilipili mbichi na muhogo. Wao wanauita "mogo", na ukiona neno hilo kwenye menyu ya Kihindi Uingereza, jua mwenyewe alipita kwetu. Mzee ni Mgujarati wa Jinja. Alifika 1972, Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Halmashauri ya jiji hili ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Mzee anasema yeye asingelijua jina la Leicester kama si tangazo lile. Huo, kwa kipimo changu, ni ushavu wa nyota tano, ingawa yeye anausimulia kwa upole akipima bamia.

Kiswahili chake ni kile cha dukani, kimechakaa lakini kinauza. Huniita "mama Mombasa", mie humwita mzee, na tunataniana juu ya bei: namwambia pilipili zako zimelala, ananijibu zimelala kwa sababu zimesafiri ndege, wewe ulipofika hukulala? Siku hiyo nilimwekea simu juu ya mizani. Akatazama bila kucheka. Alipofika kwenye kifaru akasogeza miwani. "Huyu mtu alinipa siku 90," akasema. Nikaona nimefanya makosa, nikataka kuichukua simu, akaizuia kwa kiganja, akatazama mpaka mwisho, akairudisha mwanzo. Kisha akaniambia Amin kwenye tangazo hilo amekwisha kufa, kumcheka maiti si kazi. Mwenye moyo ni aliyemcheka yule wa kwenye meza, aliyekuwa hai. "Sisi pia tulicheka," akasema. "Usiku, milango imefungwa, kwa Kigujarati." Akanitoza pilipili bei ya chini kuliko ya kwenye kibao. Nilipouliza, akasema nimemletea sinema, tiketi ameilipa.

Machache ya vitendo, haraka. Ukila halali, uliza kwanza. Baadhi ya matawi yao Uingereza yana kuku wa halali, si yote. Jioni za Ijumaa na Jumamosi nenda mapema au uwe na subira. Usidanganywe na vibanda vinavyoandika peri-peri kila kona: mtaani kwangu kipo kimoja, nilikula mara moja, kuku alikuwa mkavu kama ufagio na pilipili yake ilikuwa sukari. Na ukiwa kaunta omba mchuzi wa ziada kabla ya kulipa, kwa lile tabasamu la kujitia hamnazo. Mie hupewa.

Likizo ya Agosti nilibeba chupa ya kali kupindukia mpaka Likoni, nimeifunga kwa leso katikati ya nguo. Mama akaimimina kwenye kijiko, akanusa, akalamba, akatazama dari. Watoto wote kimya wanamngoja.

"Mwanangu," akasema, "pilipili hii imesoma?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Inaniomba ruhusa kabla ya kuniwasha."

Aliimaliza chupa nzima kwa siku nne, na viazi karai.